Pindo Refu la Kushoto

Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo Baba pia, na Bibi nampigia makofi nikiwa nimepiga magoti, kama mlivyonifundisha. Je, kifua cha Baba kimepona? Ulezi mmeshavuna? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanifanya niukumbuke hata ule ukungu wa asubuhi uliokuwa ukinigandisha vidole njiani kwenda shule.

Mkanda mgumu wa mgongo niliofungwa hapa hospitalini bado nauvaa mchana na usiku. Nimeuzoea kidogo.

Juzi daktari wa utafiti aliishika sketi yangu ya shule. Aliona upande wa kushoto umekatwa mrefu zaidi, lakini nikisimama pindo linakaa sawa pande zote. Akauliza nani ameishona. Nikasema Mama. Akasema, "Basi mama yako aliuona mgongo huu kabla yetu."

Kisha akauliza kama kuna mwingine unayemshonea hivyo. Nilizikumbuka karatasi za vipimo vya kushonea ulizokata kwenye magazeti, ile yangu na ile ya Shangazi, zilivyoning'inia kwenye msumari mmoja. Nikamtaja.

Akanieleza polepole. Wanachukua damu ya watu wa ukoo mmoja, waliopinda mgongo na walionyooka, wakitafuta kipande cha urithi ambacho waliopinda wamekipata pamoja. Bado hawajakipata, na hata wakikipata hakitaninyoosha mimi. Nikauliza habari ya ndoo, maana Bibi husema ulinitwisha maji nikiwa mdogo mno. Akajibu, "Ndoo haikufanya hivi. Wala mama yako." Nilimwomba arudie, niandike sawasawa. Usilie tena kisimani, Mama. Maneno hayo ya daktari msomee Bibi, kwa upole.

Bila Shangazi, damu yetu haitawasaidia sana. Najua hapendi kutazamwa mgongo. Ndiyo maana tukienda kanisani hutembea wa mwisho. Hata mimi nilikuwa nimeanza kubaki nyuma pamoja naye. Tafadhali nenda kwake Laela wewe mwenyewe umweleze. Akikataa, asilaumiwe. Akikubali, damu itachukuliwa huko huko hospitalini Sumbawanga, na yenu pia.

Nisalimie mdogo wangu na jirani anayetuletea dagaa wa Kasanga, pia mwalimu wangu wa hisabati, umwambie sijaacha kusoma.

Na Shangazi mwambie hivi: nikirudi, tutakwenda kanisani mimi na yeye mbele, ninyi mtufuate.

Binti yako anayekukumbuka kila siku,
Oliva