Wadudu Kwenye Taa ya Mama Scholastika

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Oya, Kibonge wangu. Kaunta buku nene kuliko zote dukani, leo una cha kubeba. Nimegundua kitu.

Zile taa za mbele zilizopauka, zimekuwa njano kama kucha za mvuta sigara — dakika mbili tu zinarudi. Jana niliona video, jamaa anapulizia dawa ya mbu kwenye kioo cha taa, ile ya kujipaka mwilini. Anafuta, kinang'aa. Leo nikajaribu hapa kijiweni Mwembesongo, kwenye Noah ya jirani. Kweli bwana! Uchafu ukatoka na kitambaa, njano kama usaha. Unaona hadi balbu.

Kaka Sufiani, mwenye kijiwe, akaacha kuosha gari akaja kuchungulia. Eti nimesomea wapi. Nikamwambia kwenye simu, tena kwa bando la kuazima.

Jumatano, 9 Aprili

Kaka Sufiani ameshaihamishia dawa kwenye vichupa visivyo na lebo. Anaiita dawa ya Japani. Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Leo kaja Mama Scholastika. Anateremsha kabichi na karoti kutoka Nyandira, mlimani, kwa kirikuu, kile kipikapu chake kidogo, anaendesha mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia huku ananyoosha mgongo. Anasema kule juu alfajiri ukungu unakula barabara yote, na taa zake zinamulika miguu yake mwenyewe. Kwenye kona anatoa kichwa dirishani kama kuku kwenye tenga.

Nikapulizia, nikafuta. Akawasha, akaelekeza ukutani, akapiga makofi.

"Mkono wako una baraka, mwanangu."

Akatuachia fungu la karoti. Nimezila zote.

Jumanne, 22 Aprili

Noah imerudi. Kinyaa. Kinyaa tupu.

Kioo kinanata. Nimegusa, alama ya kidole ikabaki. Plastiki imelainika kama pipi iliyotemwa. Vumbi limegandia, na juu ya vumbi wadudu — kumbikumbi, mbawa, vijiguu, mbu. Mbu, Kibonge! Wamekwama kwenye dawa ya mbu. Na pale dawa ilipochuruzika chini ya taa, rangi ya gari imevimba na kubanduka. Nimenawa mara tatu na sabuni ya unga. Bado nahisi ule mnato kidoleni.

Kaka Sufiani kasema kapulizie tena, itakaa. Nikasema hii kitu inatafuna kioo.

"Kwani kioo chako?"

Jumatano, 23 Aprili

Sikulala vizuri. Nimesoma, safari hii hadi mwisho. Kioo cha taa kina ngozi ya kuzuia jua. Ikichakaa ndiyo kinakuwa njano. Dawa ya mbu haisafishi, inayeyusha. Kinang'aa siku chache, halafu kinaoza kuliko mwanzo. Kumbe video niliikatisha kabla hajafika hapo. Mimi na haraka zangu!

Njia ya kweli ni msasa wa maji, unaanza mkali unamalizia laini, halafu unapaka klia, ile vanishi angavu ya kuzuia jua. Nikaokota taa mbovu kwa watu wa skrepa kule Msamvu, nikakaa kizingitini nikasugua hadi vidole vikakunjamana. Klia nikaiomba kwa fundi rangi. Imetoka! Lakini nusu siku ya kusugua, na inakauka hadi kesho yake.

Nikampelekea Kaka Sufiani hivyo hivyo, klia bado mbichi. Akaigeuzageuza kama anachagua papai.

"Nzuri. Sasa mteja alale hapa? Utampikia wewe?"

Halafu akashusha sauti. "Mdogo wangu, ukianza kusema dawa mbaya, watauliza nani aliileta. Na mimi sitadanganya."

Nikamwona kama kile kioo, ananata. Halafu nikakumbuka nilivyocheka siku ile. Na mimi nanata.

Nimepita sokoni kumuulizia Mama Scholastika. Wenzake wamesema Ijumaa ndiyo anashuka.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji. Mwandiko nisamehe.

Amekuja. Kirikuu imechubuka ubavu mzima wa kushoto, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya. Taa zake — macho yenye tongo. Nondo mmoja amekwama hapo, bado anapiga bawa moja.

Anasema zile siku za kwanza aliona hadi majani ya kandokando, basi akaacha kusubiri ukungu upungue, akawa anaondoka mapema. Leo kona ya pili tu kutoka kwake, mwanga ukagonga ukungu ukamrudia usoni. Akaona bora akwaruze mlima.

"Maana upande wa pili hakuna kitu, mwanangu. Mawingu tu."

Akacheka. Mimi nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Dawa imeisha nguvu," akasema. "Siku ile mlinipaka kidogo. Leo nipakeni mara mbili, na mnipe na ya kwenda nayo. Kijana wangu Oscar naye taa za gari lake zimekufa, na ndiye anayewashusha akina mama wa soko."

Kaka Sufiani ndiyo kwanza ametoka msikitini, kanzu nyeupe, haina doa.

"Hiyo ndiyo akili, mama. Mwaisha, mletee vichupa viwili."

Na jicho juu yangu, halipepesi.

Nikasema ngoja nivitafute. Uongo. Ninavyo hapa, mkono wa kushoto. Wa kulia una msasa. Nikimwambia, atajua ule mkono wenye baraka ulimfanya nini. Na hata nikianza kusugua sasa hivi leo haiishi. Ana watu wa kupanda nao mlimani, mvua imeshafunika kilele.

"Mwanangu, umepotelea wapi?"

Anaita huyo. Sauti ya upole, ndiyo inayoniua. Kibonge, ungekuwa wewe, ungetoka hapa na mkono upi mbele?