Mama Alijichoma Sindano Bila Kula

Karakana ya Vyuma,
Nyuma ya Soko Kuu.
14 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Baridi ya huko unaionaje, na kile kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, mikono imejaa makovu ya cheche kama ulivyoizoea. Kwako nyumbani siwezi kukuambia ni wazima, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mama yuko wodini tangu Jumanne. Asubuhi alijichoma sindano yake ya sukari kama alivyoagizwa, halafu hakula. Hapakuwa na kitu. Mkeo alimkuta sakafuni, jasho linamtiririka, hajitambui. Daktari alisema sukari ilishuka mno. Tungechelewa nusu saa, ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Kitinda mimba wako, Kifungo, ana miaka miwili na kilo nane. Miguu imevimba, nywele zinabaki kwenye kitana. Anashinda amekaa pale unapomweka. Majirani wanamsifu kwa upole. Upole gani? Mtoto ana njaa.

Utauliza imekuwaje. Mkeo kapunguziwa kazi kiwandani, siku sita zikawa mbili. Unga umepanda karibu mara mbili. Nawe kila ukituma hela unaandika, "Ya kujengea nyumba, isiguswe." Mkeo hakuigusa. Alinunua saruji, akawapikia watoto uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na yeye na mama wakawa wanapokezana kusema wameshiba.

Alikwenda kujiandikisha msaada. Mjumbe wa mtaa akamcheka: "Bibie, unajenga vyumba vitano, hebu waachie wenye shida." Dukani nako: "Tajiri, leo unakopa chumvi?" Akaona haya hata kuniambia mimi, niliye mwendo wa dakika ishirini.

Sikuombi ruhusa. Jana nimeuza nondo zako zote na mifuko kumi na minne ya saruji. Nimejaza unga, maharage, mayai na mafuta. Kifungo kliniki wamempa chakula chake maalumu, anapimwa kila wiki. Kasirika ukitaka, ila utakachotuma mwezi huu andika ni cha kula.

Mkeo na watoto wanakusalimu. Mama bado hawezi kukaa, lakini jana usemi ulimrudia. Aliuliza kama huko unakula vizuri.

Mungu akulinde, na akulegeze moyo.

Dada yako, akupendaye hata akiwa na hasira nawe,
Fundi