Kikohozi Kabla ya Ubeti wa Kwanza

Kwako Baba yangu, uliyelala Ujiji,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mtoto haachi kuamkia kwa sababu mzazi amenuna.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikohoa kabla ya adhana? Mara mbili, kikohozi kikavu, kwenye kipaza sauti cha msikiti. Hujatamka neno, wenye maduka wanapunguza redio, akina mama wanaoanika dagaa wanakata umbeya katikati. Nilikuwa nikijidai kwa wenzangu: baba yangu akikohoa, Ujiji inanyamaza.

Kisha ukanikuta Kibirizi naimba harusini, kanga kiunoni, kipaza mkononi. Hukunipiga. Bora ungenipiga. Ulirudi nyumbani ukaningoja barazani, ukasema taratibu, "Zuhura, imba ukitaka. Ila Ujiji hawatakusikia."

Nikakujibu kwa jeuri, "Tutaona."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwako. Wiki haikwisha, ukaanguka ukitoka kutawadha, ukazikwa kabla sijakuomba radhi.

Arobaini ilipopita nikaenda studio, Kigoma mjini, saa nne asubuhi, jua linawaka. Tuliposikiliza nilichorekodi, kabla ya ubeti wa kwanza kulikuwa na kikohozi. Mara mbili, kikavu. "Dada, una mafua?" fundi mitambo akauliza. Sina. Tukarudia. Akabadilisha kipaza, akazima feni, akatoa watu wote nje. Bado kipo. Mara ya nne akaniangalia. "Dada Zuhura, huyu mtu mzima ni nani?"

Nikamwambia auache wimbo hivyo hivyo. Wala si ujasiri, Baba. Niliogopa kukufuta.

Siku wimbo ulipopigwa redioni nilikuwa dukani kwa jirani yetu muuza kanga. Ukakohoa. Mzee wa watu, bila hata kuinua macho, akanyoosha mkono akapunguza sauti. Duka la pili wakapunguza. Mama ntilie naye akapunguza. Mtaa ukawa kimya, watu wanangoja adhana ambayo wakati wake haujafika, nami naimba ndani ya redio asizozisikia mtu. Nikacheka, kisha nikalia juu ya kanga za watu. Jamani Baba, hata kaburini?

Mama hakuwahi kutaka kusikia nyimbo zangu. Huu akaniomba nimwekee kwenye simu. Kila asubuhi akimaliza uradi wake anabonyeza, anakusikiliza unakohoa, halafu anazima kabla sijafungua mdomo. Nilikuonea wivu.

Jana akanipigia.

"Zuhura, leo baba yako hakukohoa. Nikangoja, nikangoja, ukaanza wewe."

"Ukazima?"

"Sikuzima. Nimekusikiliza mpaka mwisho, mwanangu."

Nikakimbilia studio. Fundi akafungua nakala zote, moja baada ya nyingine. Ubeti unaanza safi, hakuna kitu. Hata yeye hataki tena kulizungumza. Alasiri nikapita Ujiji, wimbo unapigwa redioni, na hakuna aliyepunguza. Muuza kanga alikuwa akitikisa kichwa, watoto wake wanakiitikia kiitikio. Hiki ndicho nilichokililia tangu nina miaka kumi, Baba, na nikapita bila hata kusalimia.

Niambie basi. Umeniridhia ukanipisha, au umenichoka ukaenda zako? Mama anasema ni radhi. Mama siku zote anakutetea. Mimi sijui, na wa kumuuliza ni wewe tu.

Kesho naimba harusini Kalinzi. Nitashika kipaza, na kabla ya kuanza nitanyamaza kidogo. Watu watadhani nimesahau maneno. Ukohoe au usikohoe, nafasi yako nimekuachia.

Lala salama, Baba.

Binti yako mkaidi,
Zuhura