Nilileta Chetezo Mapema, Sasa Binti Yangu Anadhani Naumwa

Shangazi Tarfa mpendwa,

Nisaidie, na tafadhali usinitaje, majina yote humu nimeyabadilisha, kwa sababu Muharraq, hapa Bahrain, ni padogo na mimi ni mtu ninayejulikana hata kabla sijaonekana, wanawake sokoni husema "huyo anakuja" wakati bado niko nyuma ya kona, na sababu ni udi. Napenda udi, Shangazi, tena si huu wa siku hizi unaochanganywa na waridi na vanila mpaka mtu ananuka kama keki, napenda mafuta ya udi wa Kihindi, yale meusi mazito ambayo ukiyapaka mwanzo yananuka zizi na ngozi mbichi na watu wanakunja uso, halafu yakishatulia mwilini yanageuka moshi, na moshi huo unabaki kwenye buibui hata likifuliwa. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia, "Wewe hata ukinikimbia nitakufuata kwa pua." Nakueleza haya ili ujue ninaandika habari ya kitu ninachokipenda, na kwamba nimekitumia vibaya, na tangu siku hiyo sijui uso wangu nitauweka wapi.

Nina binti, mtoto wangu wa mwisho, tumwite Lulwa. Kaka yake Salman anaishi Dubai na mkewe, kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu, mimi na Lulwa. Kuna kijana wa Riffa, ng'ambo ya daraja, tumwite Ghanim, wamependana tangu chuoni, na Alhamisi moja mama yake, Umm Ghanim, alikuja baada ya Alasiri na dada yake na bibi kizee, mama mkwe wake, kuleta posa, wanawake kwanza kama ilivyo kawaida, wanaume wangefuata. Nilipika tangu asubuhi, sambusa zikawa tayari kuingia kwenye mafuta, halua nikaiweka kwenye sahani ya arusi yangu, na Lulwa alikuwa juu amevaa kanzu ya kijani, akisubiri nimwite ashuke na sharubati.

Wakaketi, nikamimina kahawa, na Umm Ghanim akavuta pumzi akacheka. "Mashallah, Umm Salman, udi wako! Sisi tumeanza kuusikia tukiwa bado darajani." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, maana nimezoea. Akaendelea, "Ila natumaini binti hajipaki kama mama, kifua cha Ghanim wangu si kizuri, na nyumba nitakayowapa iko mlango kwa mlango na yangu." Na dada yake akadakia, "Aa, usiwe na wasiwasi, akija kwetu ataacha. Tutamfundisha marashi mepesi mepesi."

Shangazi, sijui nini kilinipanda. Niliinuka nikiwa natabasamu, nikaenda jikoni, nikawasha makaa, nikachukua chetezo, nikachagua kipande cha udi kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo, kile nilichokiweka kwa ajili ya arusi yenyewe, nikarudi ukumbini kinafuka moshi mzito wa buluu, nikaanza kumfukiza bibi kizee, naye alikuwa ameshika kikombe chake cha kwanza, hata hajakitikisa kuonyesha ametosheka, na posa ilikuwa bado haijatamkwa.

Nilijua ninachofanya. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua, hata mtoto mdogo anajua kwamba chetezo huja mwisho, baada ya kahawa na chakula na chai, na kikishapita wageni wanainuka. Umm Ghanim alinitazama, akaweka kikombe chini, akafunua shela yake taratibu akaupokea moshi kwa adabu zote, akasema, "Mungu aizidishie heri nyumba yako, Umm Salman." Akasimama. Bibi kizee, ambaye masikio yake ni mazito, akauliza kwa sauti, "Tunaondoka? Mbona sijala kitu?" Wakamshika mkono wakatoka naye.

Lulwa alishuka aliposikia mlango. Akasimama kwenye ngazi na kanzu yake ya kijani. "Mama, wageni wako wapi?"

Na mimi, badala ya kusema kweli, nikasema, "Nimesahau, mwanangu. Nilitaka tu wauone udi wangu, nikasahau kwamba bado."

Kama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alinitazama, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, akanikumbatia, "Mama na udi wako! Sasa nitamwambia nini Ghanim?" Akaingia chumbani akamwandikia kwamba mama amechanganyikiwa kwa furaha, nami nikashukuru nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha, kwa sababu dada yangu Hessa aliposikia hakucheka. Alisema mbele ya Lulwa, "Mtu wa kwetu asahau chetezo? Hivi ndivyo mama alivyoanza." Mama yetu, Mungu amrehemu, alikufa kwa ugonjwa wa kusahau, alikuwa akitia chumvi kwenye kahawa na kumwita Lulwa kwa jina la dada yetu aliyefariki zamani, na Lulwa ndiye aliyekuwa akimwogesha. Nilimwona mtoto akibadilika uso. Tangu siku hiyo ananikagulia jiko kama nimezima, ananiuliza leo ni siku gani kama mtu anayetania, na amenitafutia daktari wa ubongo, miadi ni Jumapili ijayo.

Umm Ghanim naye alinipigia simu, sauti yake laini, akasema, "Usijali, dada yangu, Ghanim ametueleza. Mama mkwe wangu naye ameanza hayo hayo, ulimwona mwenyewe. Sisi hatuna kinyongo." Nikamwambia ahsante. Mtu niliyemfukuza nyumbani kwangu ananipa pole, nami nasema ahsante.

Na juzi nilimsikia Lulwa kwenye simu na Ghanim, mlango wa chumba chake haukufungwa vizuri. "Tuahirishe," alisema. "Siwezi kumwacha mama hivi, nitakuwa mtu gani? Kama huwezi kusubiri, Ghanim, sitakulaumu." Halafu nikamsikia analia.

Sasa nimebanwa kote kote. Nikisema kweli, basi tusi lilikuwa tusi, na Umm Ghanim ana haki ya kuivunja posa, na mwanangu hatanisamehe. Nikinyamaza, anaiacha ndoa yake kwa ajili yangu. Na bado hujasikia lililo baya kuliko yote. Jana aliniuliza miwani yangu iko wapi, na mimi nilijua iko mfukoni mwangu, naigusa kwa vidole, nikamwambia, "Sikumbuki, mwanangu." Akaitafuta nyumba nzima, halafu akaketi miguuni pangu akanishika mkono, akasema hataenda popote, na Mungu anisamehe, Shangazi, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya muda mfupi, kisha nikajiogopa, ndipo nikachukua kalamu.

Niseme au ninyamaze mpaka daktari aseme sina kitu na mambo yajifie yenyewe?

Ni mimi mwenye aibu, Muharraq.

*

Mwenye aibu,

Aibu yako ni halali yako, sitakupunguzia. Lakini umeiandika mpaka kwenye miwani, na hapo ungeweza kuficha na nisingejua, kwa hiyo naona bado kuna mtu mzima ndani yako, nami nitazungumza naye huyo.

Tuanze na udi, tuumalize. Sina ugomvi na udi wako. Mimi mwenyewe nimelelewa kwenye moshi huo huo, na hapa gazetini yuko mhariri anayefungua dirisha nikiingia, akidhani sioni. Mwanamke anayependa harufu nzito na asiombe radhi kwa hilo, mimi namwamkia. Lakini chetezo ni heshima ya mwisho unayompa mgeni aliyeshiba, na wewe umekigeuza ufagio. Umemfagia bibi kizee na kikombe mkononi! Hebu fikiria mwenyewe mtu angemfanyia hivyo mama yako, yule aliyekuwa akitia chumvi kwenye kahawa.

Sasa nikuulize jambo. Umm Ghanim alipokutania kwamba harufu yako imevuka daraja, ulifanya nini? Ulicheka, umeandika mwenyewe. Hukuinuka. Uliinuka lini? Uliinuka waliposema nyumba iko mlango kwa mlango na ya kwao, na "akija kwetu." Soma tena barua yako. Wewe hukuwafukuza kwa sababu wameutukana udi. Uliwafukuza kwa sababu walikuja kumchukua Lulwa, na ukaogopa kubaki peke yako kwenye nyumba hiyo na sambusa zako. Ndiyo maana alipoketi miguuni pako akasema hataenda popote, ulifurahi.

Kuogopa upweke si kosa, mama yangu. Umefiwa na mume, kijana yuko Dubai, huyu ndiye wa mwisho, nani asingeogopa? Mimi ningeogopa. Ungeweza kulia siku ile mbele ya wageni wote, na wangekushika mkono wakakuambia, "Tunakuelewa." Kosa ni kwamba umeuficha woga nyuma ya moshi, ukaficha moshi nyuma ya uongo, na sasa uongo umevaa nguo za ugonjwa uliomuua mama yako. Tena mbele ya mtoto aliyemwogesha bibi yake kwa mikono yake. Hilo la miwani, usilifanye tena hata kwa mzaha. Hasira ya Alhamisi nakusamehe kwa niaba ya Bahrain nzima. La miwani atakusamehe Lulwa mwenyewe akitaka.

Sasa sikiliza. Usisubiri daktari. Unataka daktari aje akuokoe kwa kusema huna kitu, ili usiseme wewe. Na akisema huna kitu, Lulwa atadhani daktari hajaona vizuri, atakutafutia mwingine, na mwingine, na Ghanim atazeeka anasubiri. Miadi hiyo ipigie simu uifute wewe, kwa mdomo wako.

Anza na Lulwa, si Hessa wala Umm Ghanim. Mketishe umwambie, "Sikusahau. Nilikasirika, nikawafukuza kwa makusudi, halafu nikakudanganya." Umwambie na la miwani. Na tafadhali, usianze kwa kulia. Ukilia ataanza kukubembeleza wewe, maana ndivyo alivyo, na habari itaishia hapo huku wewe umefutwa machozi na yeye hajasikia kitu. Sema kwanza, kavu kavu, kisha ulie chumbani kwako.

Atakasirika. Huenda akapanda ngazi akabamiza mlango, usimfuate kugonga. Huenda asiseme na wewe siku kadhaa, pika, weka chakula mezani, nyamaza. Hasira hiyo ni haki yake na umechelewa kumpa.

Kisha uende Riffa mwenyewe, si kwa simu. Umm Ghanim alikupa huruma ambayo ni ya wagonjwa, umrudishie. Usiende na zawadi ya kumziba mdomo, na usiende na Hessa akusaidie maneno. Mwambie ulichofanya na kwa nini, na bibi kizee umwombe radhi kwa sauti kubwa, asikie. Unaniuliza kama posa itavunjika? Sijui. Huenda ikavunjika. Ila yule mwanamke alifukuzwa, na bado akafunua shela akapokea moshi na kukuombea heri. Mimi nilipofika hapo nilimpenda. Mtu wa namna hiyo anaweza kuusikia ukweli bila kuanguka. Akikuambia "sitaki tena," itikia, usimbishie kwenye nyumba yake, na ujue bado kuna Ghanim na Lulwa, ambao hawakuulizwa na hata mmoja wenu.

Na kama ndoa itafungwa, mambo ya kifua cha kijana na nani ajipake nini, waachie wenyewe wawili. Wewe jipake udi wako, ukienda kwao kaa karibu na dirisha. Tafuta pia la kufanya na mchana wako, maana nyumba itakuwa kimya kweli, sitakudanganya. Umesema unajua udi. Wako mabinti wengi hapo Muharraq wananunua vijiti vilivyopakwa rangi wakidhani ni udi, waite uwafundishe. Wataingia na kutoka, watakuchosha, utashukuru.

Lakini hayo ni ya baadaye. Hivi sasa kuna msichana hapo ndani anayejiandaa kuacha mtu anayempenda, ili akuuguze ugonjwa usio nao. Kila unapochelewa anazidi kuzoea wazo hilo, na siku akilizoea kabisa hatakuwa analia tena kwenye simu, na wewe utadhani amepona. Liweke gazeti chini. Mwite Lulwa, umwambie wewe ni mzima.

Shangazi Tarfa