Dishi Lisilotulia

Kitengela,
Jumapili, 14 Septemba 2003.

Dada yangu Wahu,

Pokea salamu za nyumba yote. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Ol Kalou, na kwamba baridi haikuharibu viazi. Sisi hatujambo, ila vumbi na upepo tu. Baba naye ni mzima. Amenenepa, lakini usimwambie nimesema.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini Baba alikuja kunisaidia kazi ya siku tatu na huu sasa ni mwezi wa tano. Tena umesema utamtuma fundi wako aje amalize kazi ya hilo dishi la televisheni, Baba arudi kwake. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujamtuma mtu.

Dishi nililipata Kajiado, kwenye lojing'i, nyumba ya wageni iliyofungwa. Ni kubwa, ng'ombe anaweza kulala ndani. Lililetwa na jirani yangu Mowlid, mchuuzi wa mbuzi, kwa lori lake, na mbuzi walipokosa nafasi wakapanda humo humo. Lilifika limejaa mavi. Mke wangu Ciku aliuliza kama hiyo ndiyo televisheni ya bure niliyomwahidi.

Baba alikuja na spana zake za tangu enzi zake za kutengeneza matrekta. Yeye alizungusha dishi nje, mimi nikapiga kelele ndani kwamba arudishe kidogo, aongeze kidogo, mpaka majirani wakaanza kumwelekeza pia. Siku ya tatu tukapata picha: mtu wa taarifa ya habari, akisema Kiarabu. Mowlid, aliyesoma madrasa, ndiye anayetutafsiria. Baba humbishia msomaji wa habari, na Mowlid humjibu kwa niaba yake. Jioni hizo Ciku hupika sufuria mbili za chai.

Shida ni kwamba jioni picha ni safi, asubuhi imepotea. Baba alilaumu upepo, kisha akalaumu mbuzi wa Mowlid wanaojikuna pale kwenye nguzo. Amesema hawezi kuacha kazi nusu. Siku dishi litakapotulia, atachukua mfuko wake aende. Nawe unamjua. Mzee kama yeye hawezi kukubali kutunzwa na mwanawe, apakuliwe chakula na mke wa mwanawe kila siku. Lakini fundi hula pale anapofanyia kazi, na hakuna wa kumcheka.

Sasa dada, nikuambie ukweli. Si upepo. Kila alfajiri, Baba akiwa bado amelala kile chumba cha nje, mimi hutoka kama ninayefungulia kuku, nikailegeza ile boliti kubwa inayoshika dishi nusu mzunguko. Naona haya kumdanganya mzee wangu. Lakini kumbuka tulivyomkuta Aprili, baada ya Mama kutuacha, jiko halijawashwa siku mbili na anatuambia hana njaa. Sikutaka kumkuta hivyo tena.

Alhamisi nilichelewa kuamka. Nilipotoka mbio nilimwona Baba kwenye dishi, na koti lake, spana mkononi. Nilidhani anakaza. Alikuwa analegeza! Alipomaliza akatazama huku na huku, kisha akaanza kuwafokea mbuzi kwamba wameharibu tena. Ndipo nikaelewa kwa nini asubuhi nyingine tulilikuta dishi limeangalia chini kabisa, na mimi nililegeza kidogo tu.

Nilirudi ndani kabla hajaniona. Wakati wa chai aliniambia kwa masikitiko kwamba hii kazi bado ni ndefu. Nikampa pole, na nilikuwa karibu kulia. Tangu siku hiyo mimi hulala mpaka jua litoke, na dishi bado linaharibika kila asubuhi.

Kwa hivyo huyo fundi, dada, abaki huko huko.

Ciku anakusalimu, anamsalimu shemeji pia. Wabusu watoto. Baba anasema usimngoje Krismasi, kazi imembana.

Ni mimi ndugu yako,
Wachira