Safu Moja ya Majina

Jumatatu, 3 Machi
Kazi ya ofisi ya kompyuta kapewa mpwa wa mwalimu mkuu. Nimeambiwa koridoni, ndoo ya deki mkononi! Eti sina cheti. Miaka miwili asubuhi napiga deki, mchana najaza alama za shule nzima. Mfumo wenyewe nani kautengeneza? Mimi. Nilijifunzia kwenye kompyuta mbovu ya fundi redio, nikitazama video za simu, narudia kipande kimoja mpaka fundi akaniambia nimemchosha masikio. Wakati huo cheti hakuna aliyekiulizia.

Jumatano, 5 Machi
Nimeagizwa nimwelekeze huyo mpwa. Nimembatiza Bwana Cheti. Tai shingoni, marashi chumba kizima, na anachapa kwa kidole kimoja! Nikamwambia: ukitaka kupanga majina, teua safu zote, ya majina pamoja na za alama, usiguse moja peke yake. Akajibu kwamba yeye kasomea. Haya baba.

Alhamisi, 6 Machi
Mama anasema nishukuru nina kazi. Roho inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimepewa kubana ripoti kwa pini. Kubana tu! Macho nayo sikuyafunga. Mtoro sugu wa darasa la saba kawa wa kwanza. Msichana anayeongoza kila muhula — wa mwisho. Nikakimbilia kompyuta. Lo! Bwana Cheti kapanga majina kwa alfabeti, majina matupu. Alama zimebaki palepale. Kila mtoto kabebeshwa za mwenzake.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza polepole. Akasema wivu utaniua. Saa tisa ripoti zikaenda nyumbani na watoto.

Jumatatu, 10 Machi
Wazazi wamejaa uwanjani tangu asubuhi. Mwalimu mkuu kaniita, kafunga mlango. Leo naitwa "binti yangu", na kiti nimevutiwa. Mezani karatasi imeshachapwa: mfumo una kasoro, niliutengeneza bila ujuzi, nakiri kosa ni langu.

"Weka sahihi hapo, halafu urekebishe," kasema. "Kazi yako ya usafi hatutaigusa."

Bwana Cheti yuko pembeni, anatazama viatu vyake. Faili ameshalihifadhi hivyohivyo, hajui pa kuanzia. Mimi nina nakala ya wiki iliyopita, kabla hajaligusa, kwenye flashi, nimeificha kifuani. Dakika tano, kazi kwisha! Lakini nikisaini, mimi ndiye mharibifu, na kompyuta ya shule hii sitaigusa tena. Nikikataa, leo hii natoka getini na flashi yangu, watoto wabaki na alama za wenzao. Watu wazima wawili, na mzigo wote wanautupia mtu wa deki! Nawachukia. Basi.

Nimeomba kwenda chooni. Niko stoo, nimekaa juu ya ndoo, naandika.

Mlango umesukumwa. Yule msichana anayeongoza darasa la saba. Kanyoosha mkono, umevimba mpaka kiwiko — baba yake kampiga Ijumaa, baada ya kusoma ripoti.

"Dada, wewe ndiye mtaalamu wa kompyuta?"

Shule nzima haijawahi kuniita hivyo. Nimeitoa flashi kifuani. Mwalimu mkuu anaita, mara ya pili sasa, na mtoto bado kasimama hapa.