Mkarafuu Ulioningoja Nimalize Kusoma

Mama,

Nimepewa uprofesa kamili. Habari imekuja mwezi mmoja baada ya kukuzika, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe, ingawa najua ungesema nini. Ungesema, "Vino hujamaliza tu kusoma kuko?" Wengine husema "hivi"; wewe daima "vino".

Hukuacha kuniuliza. Nilipopata shahada ya kwanza huku Kanada uliuliza. Nilipopata ya uzamivu, ya fizikia, uliuliza. Nilipoanza kufundisha ukawaambia majirani wa kijijini kwetu Mgogoni kwamba mwanao kachelewa kidogo, skuli ya huko ngumu. Mimi nina maabara yangu, Mama, na wao wananiombea nifaulu mtihani.

Na ule mkarafuu wa nyuma ya jiko. Kila msimu wewe ulikataza usichumwe: "Huo wa mwanangu. Akimaliza atakuja kuuchuma mwenyewe." Karafuu zikachanua, zikawa mbegu, zikaanguka, watu wakakucheka. Nilikuambia kwenye simu uwaachie wachume, nawe ukakohoa kama hukusikia.

Basi kesho yake baada ya hitma yako niliupanda. Nilikuwa nimechoka kulia mbele za watu. Kupanda nilipanda vizuri; kushuka ndiko kulikonishinda. Miaka yote nawafundisha watoto wa watu kwa nini vitu huanguka, na siku ile nimekumbatia tawi, kanzu imenasa, naijua hasa kasi nitakayofika nayo chini. Waliokuja kutoa pole wakajikusanya. Mmoja akaleta jamvi wanidakie. Mdogo wako, Bi Time, akajifunga kanga kiunoni, akanitazama weee, kisha akauliza kwa sauti ileile yako:

"Vino umemaliza?"

Nikaangalia mkononi. Nilikuwa na konzi moja ya karafuu, na mti mzima haujaguswa.

"Bado, mama mdogo."

Nikalia hukohuko juu. Watu wakadhani naogopa. Kuogopa pia nilikuwa naogopa.

Ngazi ilipatikana, nikashuka. Bi Time kawakataza wote wasiuguse ule mti, na wanayemcheka sasa ni yeye. Konzi ile iko mfukoni mwa koti langu la kufundishia. Wanafunzi wanainusa, hawaulizi.

Sikuwahi kukuambia, Mama, kwamba kazi hii haina kumaliza. Niliogopa utaacha kuningoja.

Mungu akulaze pema. Msimu ujao nakuja, na ngazi naitegesha kabla sijapanda. Bi Time akiuliza, nitamjibu bado. Ila nitamjibia palepale chini ya mti, si kwenye simu.

Mwanao.